Kikombe cha kipusa na sumu: yanayosemwa na yaliyo kweli

Taja kipusa mbele ya kijana wa leo, atageuka kumtafuta msichana mrembo. Lakini kipusa ni pembe ya faru pia, na ni mali ya siku nyingi pwani yetu: mwongozo mmoja wa mabaharia wa Kigiriki, wa karne ya 1, unaitaja pamoja na pembe za ndovu na magamba ya kasa miongoni mwa bidhaa zilizotoka bandari ya Rhapta. Kule China pembe za faru zilichongwa vikombe, na vikombe hivyo vikavuma kwa jambo moja, kukinga sumu.

Dhana: Kinywaji chenye sumu kikimiminwa humo, kitatoa povu.

Ge Hong, mwanazuoni wa Kichina wa karne ya 4, aliandika kwamba ukikoroga kitu chenye sumu kwa pembe ya faru, povu jeupe hutokea. Sababu aliitoa: faru hula mimea yenye sumu na miti ya miiba, kwa hiyo pembe yake huishinda sumu. Hapo mwanzo hakukosea sana. Faru mweusi wa kwetu hutafuna mnyaa, huuhuu tunaoupanda uwe ua, ambao utomvu wake ukikurukia jichoni usiku huo hulali. Ila chakula hupita tumboni, hakipiti pembeni.

Pembe yenyewe ni keratini, kama kucha na nywele. Sasa chukua aseniki, iliyopendwa na wauaji kwa kuwa haina harufu wala ladha ya kumshtua mnywaji. Kwenye mvinyo haifanyi povu, uwe umeimimina katika pembe, kioo au kifuu cha nazi. Kipimo cha kuaminika cha kuigundua kilipatikana maabara, mwaka 1836, kwa mkemia Mwingereza James Marsh.

Dhana: Pembe ya faru ina uwazi, kama ya ng'ombe.

Ya ng'ombe ina mfupa ndani. Ukishautoa, uwazi umeupata bure. Ya faru ni nyuzi za keratini zilizoshikamana hadi katikati, kwa hiyo fundi alilazimika kuichimba. Aliipindua, shina pana likawa mdomo wa kikombe na upande wa ncha ukawa kitako.

Dhana: Vikombe vyote vilitengenezwa kwa hofu ya sumu.

Vingi vilivyobaki ni vya enzi za watawala wa Ming na Qing (1368–1912), na vingi kati ya hivyo vilikuwa pambo la chumba cha msomi au zawadi ya heshima. Nivipendavyo zaidi ni vile vya umbo la mtumbwi. Pembe imelazwa kwa urefu wake ikawa gogo lililochimbwa, lenye mafundo na magamba ya mti. Ndani ameketi mzee, mara nyingi husemwa ni Zhang Qian, mjumbe wa enzi ya Han ambaye kwa mujibu wa hadithi alipanda mto hadi akafika kwenye nyota. Chini ya gogo, mawimbi. Mtu anayehofia roho yake hana haja ya mawimbi.

Dhana: Wachina waliitaka pembe ya faru kwa nguvu za kiume.

Tiba yao ya jadi iliitumia zaidi kwa homa na sumu. China ilipiga marufuku biashara yake mwaka 1993.

Dhana: Imani ya pembe kukinga sumu ilikuwa ya Asia tu.

Ulaya nako wakubwa walinunua kwa bei ya dhahabu "pembe" za farasi wa hekaya mwenye pembe moja, wakiamini zinafichua sumu. Mwaka 1638 Ole Worm, daktari wa Denmark, alionyesha kuwa ni meno ya narwali, nyangumi wa bahari za kaskazini. Pembe ya faru nayo ilifika huko. Mwaka 1611, mjini Prague, Nikolaus Pfaff alimchongea Kaisari Rudolf II kikombe cha pembe hiyo, ambacho leo kiko Vienna. Juu ya kifuniko kuna zimwi lililoachama, lililowekewa meno ya ngiri, mnyama ambaye porini hapatikani nje ya Afrika.