Bahati, pesa na seva "inayoonea": dhana potofu za wachezaji wa gemu za kadi

Ukikaa na watu wanaocheza gemu za kadi kwenye simu na kompyuta, iwe Hearthstone, Magic Arena, Marvel Snap au Master Duel, nusu saa haipiti hujasikia mtu anasema kafungwa kwa bahati mbaya, au mwenzake kanunua ushindi, au seva ina jambo na yeye. Nazipenda hizi gemu sana, na kinachoniuma ni kuona mtu mwenye akili nzuri kabisa anaganda ranki ileile mwaka mzima kwa sababu ya imani ambazo hesabu ndogo tu ya darasani inaziondoa. Ngoja nizipitie, zingine kwa kirefu zingine juujuu, maana hazina uzito sawa.

Dhana: "Ni bahati tu, hamna akili hapo"

Bahati ipo, tusidanganyane. Deki ya Hearthstone, yaani fungu la kadi unalochezea, ina kadi 30 na kadi ya kawaida unaruhusiwa kuweka nakala mbili, sasa ukipiga hesabu, uwezekano wa kukuta angalau nakala moja ndani ya kadi 10 za juu ni kama asilimia 56. Yaani ile kadi uliyojengea mpango wako wote, mechi nyingi sana haitafika mapema, na hakuna ujuzi wa kuivuta ije. Hapo mtu anakwambia si unaona sasa, bahati.

Ila huyo anaangalia mechi moja. Angalia mechi nyingi. Mchezaji mzuri mwenye deki nzuri anashinda labda asilimia 55, watu wakisikia hivyo wanaona ni kitu kidogo, mbona karibu nusu kwa nusu. Haya, kwenye Hearthstone kutoka ranki ya Diamond 5 mpaka Legend, ranki ya juu kabisa, unahitaji nyota 15, na pale ile bonasi ya kushinda mfululizo hamna tena, ukishinda unapata moja ukifungwa unapoteza moja. Ukishinda 55 kwenye kila 100 unabaki na faida ya nyota 10, kwa hiyo safari yako ni kama mechi 150. Ukishinda 52 kwenye kila 100 faida ni nyota 4, safari inakuwa kama mechi 375. Tofauti ni mechi tatu tu kwenye kila mia na tayari mmoja anatembea zaidi ya mara mbili ya mwenzake! Ujuzi unakaa humo kwenye hizo tatu, ndo maana ukitazama mechi moja huuoni.

Na angalia majina. Kai Budde wa Ujerumani alishinda Pro Tour, mashindano makubwa ya Magic, mara 7. Javier Domínguez wa Hispania alikuwa bingwa wa dunia wa Magic 2018, akarudi 2024 akachukua tena, na katikati hapo gemu ilishabadilika kadi karibu zote. Bahati tupu haimfuati mtu mmoja namna hiyo.

Sasa shika mfano wa mezani. Unacheza deki ya agro, yaani ya kushambulia haraka, dhidi ya Mage, klasi (aina ya mhusika) ya mchawi kwenye Hearthstone. Ana damu 11, na zamu yake inayofuata atakuwa na mana 7, ile nguvu ya kulipia kadi. Mezani una vijeshi vitatu vinavyopiga jumla 7, mkononi una vingine viwili. Unampiga, anabaki na 4. Vile viwili unavishusha au unavificha? Wengi wanashusha vyote kwa sababu wanausikia ushindi unanukia, alafu Mage anatoa Flamestrike, kadi ya mana 7 inayofagia upande wako mzima, meza inabaki nyeupe na mkononi hamna kitu. Kelele zinaanza, "alikuwa nayo tu, bahati gani hiyo". Lakini Flamestrike ipo tangu gemu inatoka 2014, mana 7 uliiona inakuja, na vile vijeshi viwili wala havikuhitajika, maana vitatu vya mwanzo vikipona zamu inayofuata vinapiga 7 na yeye ana 4. Ungevificha, akifagia unashusha tena na yeye ana damu 4 anaanza upya kutafuta jibu. Hiyo mechi ilipotea kwenye zamu yako. Kwenye kumbukumbu ya mchezaji lakini inaandikwa bahati mbaya, na kosa hilohilo analirudia kesho yake.

Dhana: "Seva inachezea kadi, inanionea"

Hii ndo inanikera kuliko zote, na ndo yenye mambo mengi.

Wengi wetu tumekulia kwenye karata za mkononi, za barazani, za shuleni. Mkimaliza mchezo karata zinarudi zikiwa zimepangika, maana mlikuwa mnafuatana rangi kwa rangi au namba kwa namba, alafu mtu anachanga mara mbili tatu harakaharaka anagawa. Mwaka 1992 wanahisabati Dave Bayer na Persi Diaconis walionyesha kwamba karata 52 zinahitaji kuchangwa kama mara 7, kwa ule mtindo wa kugawa nusu mbili na kuziingiza moja ndani ya nyingine, ndo zichanganyike kisawasawa. Nani barazani anachanga mara 7? Kwa hiyo macho yetu yamezoea karata ambazo hazijachangwa vizuri. Hata wanaocheza Magic ya makaratasi wengi wana tabia ya kutawanya kadi za ardhi, zile zinazotoa mana, kwa mkono kabla ya kuchanga, wanachanga kidogo, wanapata mikono mizuri mizuri, wakihamia kwenye simu wanaona gemu imeharibika. Kompyuta inachanga kweli, na karata zilizochangwa kweli zina mafungu mabaya ndani yake.

Chukua deki ya Magic ya kadi 60 yenye ardhi 24. Mkono wa kwanza ni kadi 7. Uwezekano wa kupata ardhi sifuri au moja ni kama asilimia 14, yaani mara 1 kwenye kila 7, bila mtu yeyote kukuchezea. Na kitu ambacho wengi hawajui ni kwamba Magic Arena, kwenye zile mechi za raundi moja, inachota zaidi ya mkono mmoja wa mwanzo alafu inakupa ule wenye idadi ya ardhi inayokaribiana na uwiano wa deki yako, na wenye gemu walilisema hilo wazi. Kwa hiyo kama kuna mkono wa mtu pale, unakusaidia wewe.

Kufungwa mfululizo nako ni hivyohivyo. Rusha shilingi mara 100. Uwezekano wa kupata kichwa mara 5 mfululizo mahali fulani humo ndani ni kama asilimia 81, na mara 6 mfululizo bado unapita nusu. Mtu wa kiwango cha kawaida akicheza mechi 100, kufungwa tano za mfululizo ni jambo la kulitegemea kabisa. Tatizo tano za kufungwa zinauma mpaka usiku, tano za kushinda unazisahau ukienda kunywa chai.

Niwe mkweli, shaka yenyewe haikutoka hewani. Mwaka 2017 Activision walipata hataza ya mfumo wa kupanga wachezaji kwa namna ya kumshawishi mtu anunue vitu ndani ya gemu, na Hearthstone ni ya Blizzard ambao walikuwa kampuni moja nao. Wenyewe walisema hawajauweka kwenye gemu yoyote. Mtu akikumbuka habari hiyo akawa na wasiwasi simlaumu. Ila wasiwasi sio ushahidi, na wanaodai "nikibadili deki tu napangiwa adui yake" nawaomba kitu kimoja, mwandike. Fungua noti kwenye simu, kila mechi andika deki uliyokutana nayo, umeshinda au umefungwa, umeanza wa kwanza au wa pili. Fanya hivyo msimu mzima alafu uje tuongee kwa namba zako mwenyewe.

Dhana: "Mwenye pesa ndo anashinda"

Nusu kweli. Kwenye Hearthstone kutengeneza kadi ya legendari, zile adimu kuliko zote, ni vumbi 1600 (vumbi unalipata kwa kuvunja kadi zako), na ukivunja legendari unapewa 400, maana yake unaua nne upate moja. Mtu mwenye hela anaruka hayo yote, ana deki kumi na wewe una moja. Hilo ni tatizo la kweli, hasa kadi mpya zikitoka na zako zikazeeka.

Ila kinachonunuliwa pale ni chaguo nyingi na muda. Ukishakaa mezani deki ni kadi 30 kwa 30, na deki nyingi za agro zinaishi kwa kadi za kawaida za vumbi 40 na 100. Asiye na hela achague klasi moja, ajenge deki moja ya bei nafuu, aijue mpaka usingizini, asivunje kadi ovyo kila akiona deki mpya inasifiwa. Na hizi gemu za zamu kwa zamu zina uzuri wake kwetu huku, seva ya Hearthstone tunayoitumia ni ya Ulaya, mtandao ukisuasua kidogo hufi kama kwenye gemu za risasi, na mwanzoni hulipi kitu.

Pakiti ndo habari nyingine. Kununua pakiti za kadi hujui kilichomo, hapo mzazi au mtu wa dini akisema inanukia kamari simbishii, tofauti kabisa na mechi yenyewe. Uchina mwaka 2017 waliwalazimisha wenye gemu kutangaza uwezekano wa kila kitu kilichomo, na tukajua kwa Hearthstone legendari ni kama moja kwa kila pakiti 20. Pia pakiti ya 40 haipiti hujapata. Ukilijua hilo kabla ya kutoa hela unaamua vizuri. Mtoto asiachiwe simu yenye akaunti ya malipo, basi.

Na wachezaji sio wajinga wa kulipa tu. Artifact, gemu ya kadi ya kampuni ya Valve, ilitoka Novemba 2018, kwenye ubunifu alikuwemo Richard Garfield aliyeanzisha Magic 1993, ukalipa dola 20 kuingia na pakiti bado unanunua. Siku za mwanzo watu kama 60,000 walikuwa ndani kwa wakati mmoja, miezi michache wakatoweka, na Machi 2021 Valve wakasimamisha kazi wakaiachia bure.

Dhana: "Kujitoa ni uoga"

Huyu hajaielewa Marvel Snap. Pale unashindania kyubu, pointi zinazokupandisha au kukushusha ranki, na kupiga Snap ni kupandisha dau. Ukijitoa mapema kabla dau halijapanda unapoteza 1. Mkifika mwisho bila mtu kupiga Snap ni 2, mmoja akipiga ni 4, wote mkipiga ni 8. Tuseme mechi 10, umeshinda 4 za kyubu 4, hizo ni 16, na zile 6 mbaya umejitoa mapema, umepoteza 6. Umefungwa mechi nyingi kuliko ulizoshinda na bado umepanda kyubu 10. Mwenzako mgumu asiyejitoa, na matokeo yaleyale, kwenye zile 6 kapoteza 24, kashuka 8. Mechi zilezile kabisa! Kujua lini mkono wako umekufa ni nusu ya gemu ile, na wanaodharau kujitoa ndo wanaolisha wenzao ranki.

Dhana ndogondogo

"Agro ni ya wasiofikiri." Rudi kwenye mfano wa Flamestrike. Deki ya kontroli, ya kujilinda na kusubiri, ukikosea zamu ya tatu una muda wa kurekebisha, agro huna.

"Anayeanza ana faida siku zote." Inategemea gemu. Hearthstone wa pili anapewa kadi ya ziada na sarafu ya mana moja. Magic wa kwanza havuti kadi zamu yake ya kwanza. Snap wote mnacheza kwa pamoja. Master Duel ndo wengi wanataka kuanza kweli, ili waweke ulinzi kabla mwenzao hajagusa kitu.

"Kunakili deki ya mtu ni wizi." Mashindano makubwa ya Magic na Hearthstone wachezaji wanapeleka orodha za deki zao mapema na mara nyingi mpinzani anaiona nzima. Kila kitu kiko wazi na bado kuna anayeshinda na anayefungwa. Nakili, cheza, alafu anza kujiuliza kwa nini kadi hii ipo na ile haipo, ndo utajifunza kujenga yako. Kitu usichoweza kukinakili kirahisi ni kujua kadi zipi za mwanzo urudishe ukikutana na klasi gani.

"Wasichana hawaziwezi hizi." Hii naisikia mpaka leo na inanikasirisha. Novemba 2019 pale BlizzCon, tamasha la Blizzard huko Marekani, ubingwa wa dunia wa Hearthstone ulichukuliwa na Li Xiaomeng wa Uchina, wanamjua kama VKLiooon, mwanamke wa kwanza kulibeba taji hilo. Alisimulia kwamba miaka ya nyuma alipokuwa kwenye foleni ya mashindano, mwanaume mmoja alimwambia kama wewe ni msichana usipange foleni hapa. Fainali alishinda 3-0, akaondoka na dola 200,000.