Foto za chini ya miti: pima mbingu ya nje kwanza

Juzi mdogo wangu mmoja anayesomea misitu hapa Bukavu alinionyesha foto zake za mbuga ya Kahuzi-Biega, siku tatu nzima kageuza apareyi juu chini ya miti, na kila foto majani yamekuwa meupe sawa maziwa. Nikamuuliza, uliacha kwa otomatiki, apareyi ichague mwanga yenyewe? Ndiyo yaya. Roho iliniuma kabisa juu jani likishakuwa jeupe hivyo hakuna kompyuta ya kulirudisha.

Foto hizi tunapiga na lensi ya jicho la samaki, inakamata nyuzi 180, mbingu yote ndani ya duara moja. Kisha programu (miye natumia Gap Light Analyzer, iko bure, ya tangu 1999) inatenga mbingu na majani, inachora njia ya jua ya mwaka mzima juu ya matundu ya katikati ya majani, njo unajua mwanga gani unafika chini. Kaskazini uitie alama lazima! Kwetu hapa saa sita jua liko kaskazini mwezi wa 6, kusini mwezi wa 12, ukigeuza foto umegeuza na jua.

Sasa otomatiki yenyewe, apareyi inataka kila foto iwe na mwangaza wa katikati tu, ikikuta giza la miti minene inaacha mwanga uingie mingi, mbingu inamwagikia majani, matundu yanapanuka, na msitu mnene unasomeka mwepesi. Chini ya msitu wa kitropiki mara nyingi inafika asilimia 1 ao 2 tu ya mwanga wa nje, kwa hiyo kosa dogo la matundu linaweza kuzidisha hesabu mara mbili.

Njo maana kabla ya kuingia unasimama pahali wazi, unapima mbingu tupu, apareyi ikisema 1/1000 ya sekunde wewe weka 1/250 kwa mkono, yaani mwanga mara nne, na unaingia nayo vile vile bila kugusa kitu. Mbingu inakuwa nyeupe, majani yanabaki meusi. Wingu likibadilika rudi nje upime tena, ata kama miguu imechoka. Na wingu zito la asubuhi la Tshivanga, pale mlango wa mbuga, watu wanalolalamikia, sisi njo tunalitaka, jua likitoka majani yanang'aa na programu inayaita mbingu.

Nyumbani, kwenye programu, soma rangi ya bluu ya foto peke yake, jani linaimeza, mbingu imejaa nayo.

Wiki ijayo tunapanda naye tena, tunaanzia kwenye mianzi, kule majani ni membamba na otomatiki ilimlia karibu yote.