Je, wajua kwa nini mtafiti hulipa ili makala yake isomwe bure?

Kuanzia tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisitishwa kwa miezi mitatu ili samaki wapate kuzaliana. Mvuvi wa Kibirizi au Katonga, mkoani Kigoma, aliyetandaza nyavu zake juani kipindi chote hicho ana haki ya kuuliza: nani kasema samaki wamepungua, na ameandika wapi?

Yapo maandishi mengi, na mojawapo lina umri wa zaidi ya miaka ishirini. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walichapisha makala katika jarida la Nature wakieleza kwamba ziwa limepata joto, upepo umepungua nguvu, na maji ya juu hayachanganyiki na ya chini kama zamani. Virutubisho vinabaki kilindini, na mwani, ambao ndio mwanzo wa chakula cha dagaa na migebuka, unapungua. Walikadiria kwamba uzalishaji wa mwani huenda umeshuka kwa asilimia 20 hivi, na kwamba kushuka huko kungeweza kupunguza mavuno ya samaki kwa asilimia 30 hivi. Wapo wanasayansi waliobisha, hasa juu ya kipi kinachangia zaidi, hali ya hewa au nyavu. Kubishana ni kawaida ya sayansi, lakini huwezi kubisha jambo usiloruhusiwa kulisoma, na Nature ya wakati ule ilisomwa na waliolipia usajili. Asiye na usajili hutozwa kwa kila makala, na kwenye majarida makubwa bei ya dola 30 kwa makala moja si ya kushangaza.

Ndiyo maana Februari 2002 kundi la wasomi lilitoa tamko la Budapest kudai kwamba matokeo ya utafiti yawekwe wazi kwenye intaneti, kila mtu asome bila kulipa. Mfumo huo huitwa ufikiaji huria. Mtafiti hapewi malipo kwa makala yake, na wataalamu wanaoipitia kabla haijachapishwa kwa kawaida hawalipwi pia, ingawa wao ndio wanaopima kama hoja zinasimama. Lakini wahariri, mitambo na utunzaji wa kumbukumbu kwa miaka mingi vinagharimu fedha, na mchapishaji wa kibiashara hutaka faida juu yake. Fikiria gunia la dagaa linalopanda treni Kigoma kwenda Dar es Salaam: nauli ya mzigo atalipa anayetuma au atalipa anayepokea, ila lazima ilipwe. Majarida mengi ya ufikiaji huria yaliihamisha nauli hiyo kutoka kwa msomaji kwenda kwa mwandishi, ikaitwa ada ya uchapishaji.

Ada hiyo si ya mchezo. Mwishoni mwa 2020 Nature ilitangaza kwamba anayetaka makala yake iwe wazi humo atalipa yuro 9,500, yaani zaidi ya shilingi milioni 25 kwa thamani ya wakati ule. Hiyo ni bei ya kileleni, na majarida mengi yako chini sana ya hapo. Yapo pia yasiyomtoza mwandishi wala msomaji kwa sababu chuo, chama cha wataalamu au serikali imebeba gharama. Binafsi naona huo ndio mfumo wenye heshima zaidi, japo mara nyingi unaishi kwa bajeti ya kuungaunga.

Kinachopatikana kwa fedha hiyo ni zaidi ya kusoma bure. Makala nyingi za namna hii hutoka na leseni ya Creative Commons, yaani ruhusa iliyokwisha kuandikwa ya kuitumia kazi ya mtu, na iliyo huru zaidi kati ya leseni za kutaja mwandishi, CC BY, inamruhusu yeyote kunakili, kutafsiri na kusambaza, mradi amtaje mwandishi, aionyeshe leseni na aseme kama amebadilisha kitu. Afisa uvuvi wa Ujiji anaweza kuigeuza makala kama hiyo kuwa kipeperushi cha Kiswahili, akaibandika mwaloni, bila kumwandikia mtu barua ya kuomba ruhusa.

Kuhamisha nauli kulizaa tatizo jipya. Zamani jarida baya lilikosa wasomaji, likafa. Sasa mteja ni mwandishi, na mwandishi huwa anataka jambo moja tu: akubaliwe. Jarida linalokataa makala linakataa fedha. Na kwa mhadhiri ambaye kupanda cheo kwake kunategemea machapisho, kishawishi kiko pande zote mbili.

Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi John Bohannon aliamua kupima jambo hilo. Alitunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, akaujaza makosa ambayo mpitiaji makini angeyaona, akaweka majina ya kubuni ya watafiti wa Kiafrika kutoka taasisi zisizokuwepo. Aliutuma kwa majarida 304 ya ufikiaji huria. Majarida 157 yaliukubali, 98 yaliukataa. Wakosoaji wake walilalamika, na kwa haki, kwamba hakuyajaribu majarida ya usajili ili tulinganishe. Hata hivyo ile 157 haifutiki. Mimi kinachoniuma zaidi ni yale majina ya Kiafrika: nadhani jarida makini lilipaswa kuuliza taasisi hiyo iko wapi, kama ambavyo lingeuliza kuhusu chuo cha Ulaya.

Hapo ndipo sera za maadili zinapoingia, zile kurasa ndefu ambazo waandishi wengi huzipita mbio ili wafike kwenye kitufe cha kutuma. Ya kwanza kuitafuta ni hii: mhariri anayeamua hatima ya makala asiathiriwe na habari ya nani amelipa na nani ameomba msamaha wa ada. Kanuni hiyo imo katika miongozo ya uwazi iliyoandaliwa kwa pamoja na COPE, kamati ya maadili ya uchapishaji iliyoanzishwa Uingereza mwaka 1997, na DOAJ, orodha ya majarida ya ufikiaji huria iliyoanza Uswidi mwaka 2003, pamoja na wenzao. DOAJ ilipokaza masharti na kuyataka majarida yaombe upya, mwaka 2016 iliyaondoa zaidi ya 3,000 kwenye orodha yake. Kwa hiyo barua pepe ikikuahidi kuchapishwa ndani ya siku tatu, anza kulitafuta jarida hilo humo kabla hujatoa hata senti.

Kuhusu msamaha wa ada, majarida mengi hutazama kundi la uchumi la nchi ya mwandishi. Julai 2020 Benki ya Dunia iliihamishia Tanzania kwenye nchi za kipato cha kati, ngazi ya chini. Kwa mchapishaji anayesamehe nchi za kipato cha chini peke yake, sifa hiyo inamgharimu mtafiti wa Kigoma ambaye mshahara wake haukuhama. Sera hutofautiana, na wengi hupunguza au hufuta ada mwandishi akiomba, ila inabidi aombe mapema, wakati anapotuma makala. Bili ikishatoka amechelewa.

Suala jingine linalotugusa ni majina juu ya makala. Mtu anastahili kuitwa mwandishi akiwa amechangia utafiti wenyewe, ameshiriki kuandika, ameidhinisha toleo la mwisho na yuko tayari kuwajibika nalo. Kwa kipimo hicho mkuu wa idara aliyesaini barua tu hastahili. Lakini mtu wa hapa aliyepanga upimaji wa maji, akazisoma takwimu na kuandika sehemu ya makala hapaswi kuishia kwenye mstari wa shukrani. Mwaka 2021 PLOS, mchapishaji wa majarida ya ufikiaji huria, ilianza kuwapa watafiti wanaofanya kazi nje ya nchi zao fomu ya maswali kuhusu vibali na ushirikishwaji wa wenyeji. Kibali cha utafiti cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia ya Tanzania, basi, si karatasi ya kuonyesha uwanja wa ndege tu.

Makala iliyochapishwa ikigundulika kuwa na udanganyifu, haifichwi kimyakimya. Huachwa mahali pake na alama kwamba imebatilishwa, pamoja na sababu. Jarida la tiba The Lancet lilichukua miaka 12, kutoka 1998 hadi 2010, kuibatilisha ile makala iliyohusisha chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela na usonji.

Na uwazi wenyewe una mpaka. Ziwa Tanganyika lina samaki wa mapambo ambao baadhi yao huishi kwenye kipande kimoja tu cha mwamba, na wafugaji wa samaki ng'ambo huwalipia vizuri. Mtafiti akichapisha mahali hasa alipowakuta, amemchorea ramani kila anayetaka kuwamaliza. Kwa viumbe vilivyo hatarini, baadhi ya majarida humruhusu mwandishi kuutaja mwambao bila kuutaja mwamba, na data kamili ikabaki mikononi mwa taasisi inayoweza kumuuliza anayeihitaji ni ya kazi gani.