Je, wajua kwa nini basi la mwendokasi huwahi kufika? Si kwa sababu ya kukimbia

Kwa muda mrefu niliamini kwamba basi la mwendokasi la Dar es Salaam huwahi kufika kwa sababu linakimbia. Jina lenyewe linasema hivyo. Ukiwa umebanwa kwenye daladala iliyokwama Magomeni, halafu basi refu la mita 18 likakupita kwenye njia yake tupu, hutafuti ushahidi mwingine. Njia ni yake peke yake, dereva anakanyaga mafuta, basi linafika mapema. Nilikosea, na kwa kuwa bado naisikia hoja hii kila mahali, naomba niieleze taratibu.

Tuchukue safari ya kilomita 15, karibu sawa na kutoka Kimara hadi Kivukoni. Basi likienda spidi 50 bila kusimama popote litatumia dakika 18. Likienda spidi 60 litatumia dakika 15. Umeokoa dakika tatu. Na hizo tatu ni za kwenye karatasi tu, maana vituo vimekaa karibu karibu, na basi lililojaa watu halijafikia spidi hiyo kabla dereva hajaanza kushika breki tena.

Sasa iache spidi kama ilivyo, ugeukie vituo. Tuseme viko 25. Basi likisimama dakika nzima kila kituo, dakika 25 zimeliwa na kusimama. Lisimame sekunde 20 badala ya 60, na umeokoa sekunde 40 mara 25. Hizo ni sekunde 1,000, karibu dakika 17. Hakuna dereva wa basi la mjini anayeweza kukupa dakika 17 kwa kukanyaga mafuta.

Nilipoipiga hesabu hii mara ya kwanza niliirudia, kwa sababu sikuamini. Basi linapata haraka yake likiwa limesimama.

Njia maalumu ina kazi yake, na ni kubwa: inalitoa basi kwenye foleni ya magari madogo. Lakini haitoshi, na hapa ndipo nilipopotea zaidi. Nilidhani mji ukishatenga njia, umemaliza. Fikiria kioski cha maji mtaani, watu wamepanga madumu. Dumu la lita 20 likichukua dakika moja kujaa, bomba lile litajaza madumu 60 kwa saa, basi. Watu wakimbie na ndoo kichwani wakielekea nyumbani, njia ya kwao iwekwe lami, madumu yanayojaa yatabaki 60. Foleni inaamuliwa na bomba. Ukitaka ipungue, ongeza bomba, au fungua maji yatoke kwa nguvu zaidi. Kuna jambo la tatu pia, ambalo kila mwuza maji mzoefu analijua: kusanya hela wakati watu bado wako kwenye foleni, na kila mtu afike akiwa ameshafungua mfuniko, ili bomba lisikae hata sekunde moja bila dumu chini yake.

Kituo ndicho bomba, basi ndilo dumu, abiria ndio maji. Basi likisimama sekunde 60, na likahitaji sekunde nyingine 20 za kuingia na kutoka kituoni, sehemu moja ya kusimama itapitisha mabasi 45 kwa saa. Muda wa kusimama ukishuka hadi sekunde 20, yatapita 90. Kwa mabasi ya abiria 150, hiyo ni tofauti ya watu 6,750 na watu 13,500 kwa saa, kwenye lami ileile na upana uleule wa barabara. Hii ni hesabu ya mfano. Kituo halisi kina asubuhi mbaya, mvua, na abiria anayeuzuia mlango ili mwenzake awahi. Lakini uwiano ndio huo.

Sasa angalia daladala inapofika kituoni. Mlango ni mmoja na ngazi iko juu. Aliyekaa siti ya nyuma anataka kushuka, kwa hiyo waliosimama katikati wanalazimika kujikunja, wengine washuke kabisa kisha wapande tena. Konda ana noti zilizokunjwa katikati ya vidole, anadai nauli ya huyu huku anamtafutia chenji yule. Mama ana mtoto mgongoni na mfuko mkononi, anahitaji mtu wa kumpokea mfuko. Na yote yakiisha, gari bado halijaondoka, kwa sababu dereva ana hesabu ya kumpelekea tajiri jioni na kiti kimoja hakijapata mtu. Si uvivu wala ubaya wa moyo. Anayelipwa kwa kichwa cha abiria atasubiri kichwa.

Kituo cha mwendokasi kimejengwa kuondoa mambo hayo moja baada ya jingine. Nauli inalipwa nje, kabla basi halijafika, kama mwuza maji anayekusanya hela kwenye foleni. Milango ni mipana na ni zaidi ya mmoja. Sakafu ya kituo imeinuliwa ikalingana na sakafu ya basi, hivyo mtu hapandi wala hashuki, anavuka tu. Vituo vingi vina nafasi ya basi kulipita basi jingine, ili lile la moja kwa moja lisikwame nyuma ya linalosimama kila mahali.

Wazo hili halikuanzia kwetu. Mji wa Curitiba, kusini mwa Brazil, ulianza kuyapa mabasi njia yake mwaka 1974, wakati meya akiwa Jaime Lerner, msanifu majengo. Treni ya chini ya ardhi ilikuwa ghali mno kwao. Mwaka 1991 wakaongeza vituo vinavyofanana na bomba kubwa la kioo lililolazwa: unalipa ukiingia, unasubiri ndani, basi likifika linashusha ubao na unavuka. Bogotá, mji mkuu wa Colombia, ikafuata kwa mfumo mkubwa zaidi Desemba 2000. Dar es Salaam ilianza huduma Mei 2016, kwa takribani kilomita 21 za njia kuu zinazounganisha Kimara, Kivukoni, Morocco na Gerezani, na nauli ya njia kuu ilikuwa shilingi 650. Mwaka 2018 ikapewa Tuzo ya Usafiri Endelevu, mji wa kwanza wa Afrika kuipata.

Haya yanahusiana vipi na malengo ya dunia? Mwaka 2015 nchi 193 za Umoja wa Mataifa zilikubaliana juu ya Malengo 17 ya Maendeleo Endelevu, ya kufikiwa ifikapo 2030. Waliokubaliana ni mataifa, si miji, na wengi tunadhani kwa hiyo kazi ni ya wizara na mabalozi. Lakini lisome lengo la 11, kipengele cha pili: usafiri salama, wa bei nafuu na unaofikika kwa wote, ukiangalia hasa wanawake, watoto, watu wenye ulemavu na wazee. Hakuna balozi anayeweza kulitimiza hilo. Anayeweza ni yule anayeamua barabara igawanywe vipi, kituo kikae wapi na sakafu yake iwe na kimo gani. New York iliona hivyo, ikapeleka Umoja wa Mataifa taarifa yake yenyewe kuhusu malengo haya mwaka 2018, ikiwa mji wa kwanza kufanya hivyo.

Na hapa pana kitu ambacho mimi bado kinanifurahisha. Sakafu iliyoinuliwa inaokoa sekunde, ndiyo maana wahandisi waliitaka. Lakini ni sakafu hiyohiyo inayomwezesha mtu wa kiti cha magurudumu kuingia bila kubebwa mikononi na wanaume asiowajua, na bibi mwenye goti bovu kuingia bila kushikwa mkono. Kwa kawaida haraka na haki huvutana: anayetembea taratibu huambiwa anachelewesha wenzake. Zege likimwagwa kwa kimo sahihi, basi linaondoka mapema kwa sababu yeye ameingia kirahisi. Kipengele cha 11.2 kinatimizwa kwa kimo cha zege.

Muda wa kusimama unaeleza pia lile jambo linalowakera watu wa kila mji: unasubiri nusu saa, halafu mabasi mawili yanakuja yameongozana. Basi la kwanza likichelewa kidogo, kituo kinachofuata linakuta watu wengi zaidi, kwa hiyo linasimama zaidi, linachelewa zaidi, linakuta wengi zaidi tena. La nyuma yake linakuta vituo vimeshazolewa, linasimama kidogo, mwishowe linalifikia. Madereva wote wawili wamefanya kazi yao sawasawa. Dawa yake ni kufupisha kusimama, na mtu wa kituo cha kuongozea mabasi kulishikilia la nyuma kidogo.

Tusiseme zaidi ya tunayoyajua. Kulipa nje hakufuti foleni, kunaihamisha kutoka mlangoni kwenda dirishani, na kama dirisha la tiketi ni moja, abiria bado anasimama ingawa basi halimsubiri. Mabasi yakiwa machache kuliko watu, hesabu yote ya sekunde 20 inavunjika, kwa sababu anayeshuka hana pa kupitia na mlango haufungi. Dar es Salaam imeishi na upungufu huo miaka mingi. Jangwani nako, bonde la mto Msimbazi, ambako ndiko ilikowekwa karakana ya mabasi, mafuriko yamesimamisha huduma zaidi ya mara moja. Hata neno mji hapa lina mipaka yake: Wakala wa Mabasi Yaendayo Haraka ni wa serikali kuu, na njia za awamu ya kwanza zilijengwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Curitiba iliamua mengi kwenye ofisi ya meya. Sisi tunaamua kwa meza nyingi.

Kipimo chenyewe cha kimataifa cha kipengele hicho cha 11.2 kina pengo. Kiashiria cha 11.2 huhesabu watu wanaoishi karibu na usafiri wa umma: takribani mita 500 za kutembea hadi kituo cha basi la kawaida, au kilomita moja hadi kituo cha usafiri mkubwa. Ni kipimo kizuri cha kuanzia, na miji mingi haifiki hapo. Lakini kinachopimwa ni umbali. Mama anayeishi mita 400 kutoka kituoni Manzese anahesabiwa kuwa amefikiwa, awe anapata basi baada ya dakika tatu, au anaangalia la nne likipita limejaa huku mtoto amelala begani.