Je, wajua kwa nini asidi ya foliki humezwa kabla ya mimba?

Mdogo wangu aliponiuliza kama aanze kumeza asidi ya foliki wakati yeye na mumewe ndiyo kwanza wanatafuta mtoto, nilimjibu kwa uhakika wa mtu aliyekwisha kuzaa wawili: "Subiri mimba iingie kwanza. Ukianza kliniki watakupa. Vile ni vidonge vya damu tu." Katika sentensi hizo tatu, iliyokuwa na kichwa na miguu ni ile ya katikati.

Kosa la "vidonge vya damu" lina asili yake. Kidonge wanachopewa wajawazito wengi kliniki ni kimoja chenye vitu viwili, madini ya chuma na asidi ya foliki, na muuguzi anayekwambia ni cha kuongeza damu hadanganyi. Tena damu ndiyo iliyoifanya foliki ijulikane. Mwaka 1928 daktari Mwingereza, Lucy Wills, alikwenda Bombay, India, kuchunguza upungufu wa damu uliokuwa ukiwapata wajawazito, wakiwemo wafanyakazi wa viwanda vya nguo, akagundua kwamba unapona kwa rojo la hamira, lile la Marmite ambalo Waingereza hupaka kwenye mkate. Kilichokuwa ndani ya rojo kilikuja kutengwa kwenye mchicha wa Kizungu mwaka 1941 na kupewa jina linalotokana na neno la Kilatini la jani. Kwa hiyo niliposema vidonge vya damu nilikuwa nyuma ya wakati, lakini nilikuwa na wazee wangu.

Tatizo ni kwamba damu husubiri. Ikipungua mwezi wa nne, unaweza kuijenga mwezi wa tano na wa sita. Foliki ina kazi nyingine isiyosubiri, na kuiona inabidi kwanza kufungua kalenda ya mimba, ambayo ni kitu cha ajabu kidogo. Kliniki huhesabu umri wa mimba kuanzia siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Maana yake ni kwamba kwa kawaida katika wiki mbili za mwanzo za "mimba" hakuna mimba yoyote. Siku hedhi inapokosekana, hesabu inasoma wiki nne. Mwanamke anasubiri siku chache, labda ni uchovu, labda ni safari, kisha anakwenda duka la dawa kununua kipimo. Sasa ni wiki ya tano, pengine ya sita.

Na kufikia mwisho wa wiki hiyo ya sita, yaani siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa, jambo lenyewe limekwisha.

Jambo gani? Chukua manda ya sambusa. Kabla ya kukunjwa ni bapa, haina ndani wala nje. Ubongo na uti wa mgongo huanza hivyohivyo: kipande bapa cha chembe hai mgongoni mwa kiinitete, yaani mtoto wa wiki za kwanza tumboni, ambacho ukubwa wake haufikii hata punje ya mchele. Kingo zake mbili huinuka, zikasogeleana, zikakutana katikati na kushikana, na kipande bapa kikawa mrija. Mshikano huanza sehemu ya shingo na kwenda pande zote mbili, juu na chini. Ncha ya juu ndiyo itakayokuwa ubongo, na hufunga takriban siku ya 25. Ya chini hufuata siku mbili tatu baadaye.

Anayepika sambusa anajua pale panapoponyoka: kwenye ncha ya mwisho, ule uji wa ngano unapokuwa umekwisha bakulini. Ncha ikiachwa wazi, hutaiziba tena sambusa ikishaingia kwenye mafuta. Kwa kiinitete, ncha ya chini isipofunga mtoto huzaliwa na mgongo wazi, na ya juu isipofunga ubongo na fuvu havijengeki, na mtoto huyo haishi. Kidonge kinachoanza mwezi wa nne kinakuta mafuta yameshachemka.

Hapa mfano wangu unaanza kuchuja, maana foliki si gundi. Kazi yake ni kusaidia kutengeneza malighafi ya DNA, na chembe isiyo na malighafi hiyo haiwezi kujigawa ikawa mbili. Kingo za kipande kile hazivutwi na mkono, huinuka na kukutana huku chembe zikiongezeka kwa kasi. Kwa hiyo ni kama upungufu wa unga, siyo wa uji. Namna hasa upungufu huo unavyozuia ncha kufunga bado inachunguzwa.

Kwamba unazuia, hilo lina ushahidi mzito. Mwaka 1991 jaribio lililofanyika katika nchi saba, kwa wanawake waliowahi kupata mimba yenye tatizo hili, lilionyesha kuwa foliki iliyoanzwa kabla ya mimba ilipunguza hatari ya kujirudia kwa asilimia 72. Baadaye nchini China, kwa kipimo kidogo cha miligramu 0.4 kwa siku, tatizo lilipungua kwa karibu asilimia 80 kaskazini na karibu asilimia 40 kusini. Tofauti hiyo ni somo: kaskazini tatizo lilikuwa kubwa zaidi tangu mwanzo, na foliki hupunguza kile tu kilichosababishwa na uhaba wake. Yupo mama aliyemeza kila siku na bado akapata mtoto mwenye mgongo wazi, na hakukosea popote.

Hata jina tulilozoea, "vichwa vikubwa na mgongo wazi", linachanganya. Viwili hivyo mara nyingi huandamana, lakini kichwa kujaa maji kuna njia zake nyingine. Madaktari wa Mbale, Uganda, walieleza mwaka 2005 kwamba kwa zaidi ya nusu ya watoto wenye vichwa vikubwa waliowatibu, chanzo kilikuwa maambukizi.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza mikrogramu 400 kwa siku, ndiyo hiyohiyo miligramu 0.4, tangu siku mnayoanza kutafuta mtoto hadi wiki ya 12. Aliyewahi kupata mimba yenye tatizo hili huhitaji dozi kubwa zaidi, na anayetumia dawa za kifafa, hasa valproeti, aonane na daktari kabla ya kushika mimba, bila kuacha dawa kwa uamuzi wake. Na aliyechelewa asivitupe vidonge vya kliniki: damu bado inavihitaji.

"Si nile mchicha tu?" mdogo wangu akauliza. Mchicha, kunde na maharage vina folati kweli, yaani foliki ya asili iliyomo kwenye chakula. Lakini folati huharibiwa na moto na hupenda maji. Mchicha uliochemshwa hadi ukalegea, ukakamuliwa na maji yake ya kijani kumwagwa kwenye sinki, umeacha sehemu nzuri ya folati kwenye sinki. Foliki ya kidonge, tena, hufyonzwa kwa urahisi zaidi kuliko ile ya majani.

Ndiyo maana nchi kadhaa ziliamua kumfuata mama kabla hajajijua, kwa kuitia foliki kwenye unga. Marekani waliifanya lazima mwaka 1998, Tanzania ikaweka kanuni za unga wa ngano mwaka 2011 na Kenya ikafuata mwaka 2012, ikihusisha na unga wa mahindi wa pakiti. Anayekula chapati asubuhi anamezeshwa bila kuulizwa. Ila mahindi unayopeleka mwenyewe mashine ya mtaani kwa kawaida hurudi kama yalivyokwenda, na nyumbani kwa mdogo wangu ugali ni wa dona kutoka mashine hiyohiyo. Alinunua vidonge jioni ile, akanitumia picha ya kopo, na chini yake ameandika: "Dada, sijasubiri."