Kongani ya teknolojia kwenye kiwanja cha viwanda Tanga: faili linakwama wapi

"Kongani ya teknolojia", yaani shughuli za teknolojia zilizokusanywa eneo moja, ni jina zuri la kuandika kwenye bango, lakini kwa afisa mipangomiji halisemi kitu. Yeye anataka kujua ndani ya kila jengo kutafanyika nini. Kuna watu wanaokaa mezani kuandika programu? Kuna karakana ya kuunganisha vifaa vya umeme? Kuna chumba cha seva, darasa, mgahawa, vyumba vya kulala? Kila moja ni matumizi yake, na kiwanja ambacho hati yake inasema "viwanda" hakiyapokei yote kwa namna moja. Ombi likiingia na jina tupu, linarudi na maswali, na kikao cha kamati kinakuwa kimeshapita.

Nawaandikia wenye viwanja vya viwanda hapa Tanga, kuanzia Gofu mpaka Pongwe, hasa wale wenye maghala na karakana za enzi ambazo mji huu ulikuwa ukinguruma kwa viwanda. Maeneo haya yanafaa sana. Reli ipo, bandari ipo, umeme mkubwa upo karibu, na viwanja ni vipana kuliko vya katikati ya mji. Ila kufaa kwa eneo hakumaanishi kwamba idhini itakuja yenyewe.

Anza na hati

Fanya upekuzi ofisi ya Msajili wa Hati kabla ya kumlipa msanifu hata shilingi. Unatafuta mambo manne: jina la mmiliki, muda uliobaki wa milki, rehani, na masharti ya matumizi. Kisha lipia kodi ya pango la ardhi yote iliyolimbikizwa, kwa sababu hakuna ombi litakalosogea ukiwa na deni. Viwanja vingi vya zamani vina jambo la tano: sharti la kuendeleza, ambalo mara nyingi ni miezi 36, lilishavunjwa miaka mingi iliyopita. Usilifiche. Andika barua ya kuomba kuongezewa muda na uiambatishe na mpango wa ujenzi wa awamu.

Kama unaingia na mwekezaji wa nje, kumbuka kwamba Sheria ya Ardhi ya 1999 haimpi mgeni ardhi isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji, kupitia mamlaka ya uwekezaji. Njia hiyo ina mlolongo wake. Ianzeni mapema, sambamba na mambo ya mipango.

Jedwali la matumizi ndilo moyo wa ombi

Tuchukue mfano mmoja tuutumie mpaka mwisho: kiwanja cha hekta 4, majengo yenye sakafu ya jumla ya mita za mraba 8,000. Kwenye jedwali andika hivi: ofisi za programu 6,000, karakana ya kuunganisha na kutengeneza vifaa 1,200, madarasa 400, chumba cha seva 300, mgahawa 100. Mbele ya kila mstari weka idadi ya watu, saa za kazi, aina ya mizigo inayoingia na kutoka, kelele, na taka zinazozalishwa. Ukurasa mmoja unatosha, na ni ukurasa ambao kamati itausoma kweli.

Jedwali hili ndilo linaloamua njia utakayopita. Karakana inakaa vizuri chini ya viwanda. Ofisi 6,000 kati ya 8,000 haziwezi kuitwa "ofisi za kuhudumia kiwanda", na afisa ataliona hilo kwa jicho moja. Kwa hiyo, katika mfano wetu, omba kubadili matumizi, au omba matumizi mchanganyiko yanayotaja viwanda vyepesi na ofisi kwa majina yake. Usijaribu kupenyeza. Sheria ya Mipango Miji ya 2007 inataka idhini kabla ya kuendeleza, na jengo lililopenyezwa linakuja kukwama benki siku ya kuomba mkopo, kwa kuwa hati na jengo havisemi neno moja.

Kubadili matumizi kuna hatua zake: barua kwa Mkurugenzi wa Jiji ikiwa na nakala ya hati na risiti za kodi, tangazo kwa umma, maoni ya mtaa na kata, kamati ya madiwani inayoshughulikia mipango miji, kisha wizara ya ardhi, na mwisho hati kurekebishwa. Mahali watu wanapodharau ni mtaani. Wanapeleka barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa jioni wakitaka mhuri asubuhi. Nendeni na ramani kubwa, ikae mezani, majirani waulize. Swali la kwanza huwa maji ya mvua yataelekezwa wapi, la pili ni malori. Ukiwa na majibu mawili hayo, muhtasari wa kikao utakubeba mpaka kwenye kamati.

Neno moja kuhusu hosteli. Wengi huweka vyumba vya kulala wanafunzi au wataalamu kwenye mchoro wa kwanza. Viondoeni. Mtu akilala jirani na kiwanda, baada ya mwaka atalalamikia vumbi na kelele za usiku, na kiwanda kilichomtangulia ndicho kitakachobanwa. Wapangamiji wanalijua hilo, na wana haki kukataa. Nyumba za kulala zitafutiwe eneo la makazi, usafiri utawaunganisha.

Ardhi ya Tanga ina mapango

Hapa ndipo ninapoomba msomaji asimame kidogo. Mapango ya Amboni hayako mbali, kama kilomita 8 kaskazini ya mji, na yale mawe ya chokaa hayaishii pale kwenye lango la watalii. Chokaa huyeyuka polepole kwa maji ya mvua, nyufa zinapanuka, na juu yake udongo unabaki kama zulia lililotandikwa juu ya shimo. Shimo la majaribio la mita moja na nusu halitakuonyesha lolote. Toboeni kwa mashine kwenye pembe za kila jengo na katikati, mpite kina cha msingi kwa mita kadhaa, na mhandisi aandike kila mahali ambapo mtoboo ulizama ghafla au maji ya kutobolea yalipotea. Maji yakipotea, chini kuna ufa.

Kosa linalozaa kutitia kwa ardhi ni la kawaida sana: maji yote ya paa yanapelekwa kwenye shimo moja la kunywea, yaani la kuyaacha yazame ardhini. Piga hesabu. Paa na sakafu ngumu za nje tuseme ni mita za mraba 20,000. Mvua ya masika ikishusha milimita 50 kwa saa moja, na asilimia 90 ikatiririka, hizo ni mita za ujazo 900 ndani ya saa moja. Ukizishindilia kwenye shimo moja juu ya chokaa, zinasomba udongo kuuingiza kwenye nyufa, na sakafu inabaki inaning'inia. Tawanya maji: mitaro mipana yenye nyasi, bwawa la kuyashika lililosakafiwa, na njia ya kutoka iliyokubaliwa na Jiji kwa maandishi.

Maji taka nayo ni hivyo hivyo. Watu 600 kwa lita 45 kila mmoja ni mita za ujazo 27 kwa siku, na asilimia 80 yake, karibu 22, inarudi kama maji taka. Kiasi hicho kikiingia kwenye nyufa hakichujwi, kinafika kwenye visima vya watu. Omba barua ya mamlaka ya maji kuhusu bomba la maji taka. Kama halijafika, weka mtambo wa kusafisha kwenye mchoro tangu mwanzo, si baada ya kuulizwa.

Umeme, upepo na chumvi

Ofisi zenye viyoyozi zihesabu wati 80 kwa mita ya mraba: 6,000 mara 80 ni kW 480. Makabati 40 ya seva kwa kW 5 ni 200, zidisha kwa 1.6 kwa ajili ya kupoza, unapata 320. Karakana, madarasa, mgahawa na taa za nje ziwekee 100. Jumla kW 900, ambayo kwa kipengele cha nguvu (sehemu ya umeme unaovutwa inayofanya kazi kweli) cha 0.9 ni kVA 1,000, kipimo kinachotumika kutaja ukubwa wa transfoma. Anayeomba transfoma moja ya 1,000 amejifunga, hana akiba. Mimi napendekeza mbili za kVA 800: moja ikiharibika, seva na nusu ya ofisi zinaendelea. Barua ya TANESCO inayotaja mzigo huo iambatishwe kwenye ombi, na kibanda cha transfoma kionekane kwenye mchoro kikiwa na njia ya lori.

Upepo nao upangiwe. Kusi inavuma toka upande wa kusini kwa miezi mingi ya katikati ya mwaka, kaskazi inachukua zamu kuanzia mwisho wa mwaka hadi Machi. Simama kwenye kiwanja utazame jirani mwenye vumbi yuko upande gani, kisha weka matundu ya hewa ya chumba cha seva upande unaokingwa misimu yote miwili. Jenereta ziwe mbali na uzio wa makazi. Hewa ya pwani ina chumvi. Viyoyozi vya nje visivyopakwa kinga vinaliwa mapezi yake mapema mno.

Maegesho: gari moja kwa kila mita za mraba 50 za ofisi linatupa magari 120, karibu mita za mraba 3,000 pamoja na njia za kugeuzia. Na hapa ni Tanga, wekeni banda la baiskeli lenye kivuli karibu na mlango. Wafanyakazi watalitumia.

Barabara na mazingira

Viwanja vinavyopakana na barabara kuu ya Tanga–Segera vina mtego. Hifadhi ya barabara ilipanuliwa kutoka mita 22.5 hadi 30 kila upande toka katikati, chini ya Sheria ya Barabara ya 2007. Uzio wa zamani unaweza kuwa ndani ya zile mita 7.5 za nyongeza. Pima kutoka katikati ya lami kwa futi kamba, usitegemee ramani ya zamani. Mlango wa kuingilia barabara kuu unaombwa TANROADS, wakala wa barabara kuu; barabara za mitaa ni TARURA, wakala wa barabara za mijini na vijijini.

Kama kiwanja kinagusa mto au bahari, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inataka mita 60 ziachwe. Usajili wa mradi NEMC, baraza la taifa la mazingira, uende sambamba na ombi la matumizi, sio baada yake. Kwenye majengo ya zamani kagua mabati ya asbesto, udongo uliolowa oili, na transfoma za kale ambazo mafuta yake huenda yana PCB, kemikali yenye sumu. Vitu hivyo vikigunduliwa ubomoaji ukiwa umeanza, kazi inasimama.

Kibali cha ujenzi

Kibali ni jambo jingine, kinakuja baada ya matumizi kukubaliwa. Michoro ya usanifu, ya mhandisi wa miundo, ya umeme na ya mabomba isainiwe na wataalamu waliosajiliwa AQRB (bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji majenzi) na ERB (bodi ya wahandisi). Zimamoto waione kabla ya kuwasilishwa. Wanatafuta njia ya gari lao kuzunguka jengo, pana na wazi, bila mti wala nguzo. OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, nao wana yao kwenye karakana.

Omba idhini ya mpangilio wa kiwanja kizima, lakini vibali vya majengo chukua kwa awamu, ili muda usikuishie kwenye majengo ambayo fedha yake haijapatikana. Na kabla greda halijaingia, mpima aje azitafute bikoni zote, yaani alama za mipaka ya kiwanja, azizungushie zege na nguzo zilizopakwa rangi, apige picha kila moja na kuandika vipimo vyake. Greda huzing'oa siku ya kwanza, na kuzirudishia kunataka mpima mwingine, ada nyingine, na jirani awepo.