Kushuhudia si kuhubiri, jamani

Juzi Likoni tukingoja feri, kijana mmoja ana spika begani anatutangazia jehanamu, na mbele yangu kuna mama ana mtoto amelala kifuani, kila spika ikipasuka mtoto anashtuka. Alipomaliza akamwambia mwenzake "leo tumeshuhudia vizuri sana". Hapo ndo nkasema lazima niandike, maana neno hili nishalisikia likitumiwa hivo mara nyingi mno, na mimi ni Mkristo, kazi yenyewe naipenda.

Kwa kifupi kushuhudia ni muumini kuwaambia watu, kwenye maisha yake ya kila siku, yale Kristo aliyomtendea. Basi. Ni wito wa kila mmoja, sio wa mchungaji peke yake.

Sasa neno lenyewe. Shahidi tumelitoa kwa Waarabu, na wao wana maneno mawili hapo, moja wavuta a ya kwanza, huyo ni mtoa ushahidi, jingine wavuta i, huyo ni aliyeuawa kwa imani yake. Sisi tukayafanya yote neno moja, ndo maana wa kortini Shanzu ni shahidi, na wale Wakristo waliouawa hapa Mombasa mwaka 1631, Sultani Yusuf bin Hasan alipowageuka Wareno wa Fort Jesus, nao Wakatoliki huwaita mashahidi. Kigiriki cha Agano Jipya kilipita njia hiyohiyo, martys alikuwa shahidi wa kesi tu, kisha kwa vile wengi waliuawa kwa kusema walichokiona neno likabeba na kifo. Ila Kiswahili chetu kina tamu yake zaidi, kushuhudia ni kuona na pia ni kusema. Ukiniambia umeshuhudia ajali Changamwe naelewa ulikuwepo, uliiona kwa macho yako. Kuhubiri ni jingine, mzizi wake ni mmoja na habari, ni kutangaza, na habari waweza kuitangaza hata kama hukuwepo. Ni kazi njema, Paulo aliifanya, lakini kwenye Matendo 1:8 Yesu anawaambia wanafunzi watakuwa mashahidi wake, hakusema wahubiri.

Shangazi yangu anauza viazi karai Bombolulu, alimzika mwanawe mwaka jana. Jirani yake Muislamu, wamekaa mlango kwa mlango miaka na miaka, akamuuliza, "Mamangu, hii nguvu ya kuamka kukaanga waipata wapi?" Shangazi hakuacha kugeuza viazi, akamwambia usiku wa msiba aliomba mpaka usingizi ukamchukua, alipoamka moyo umetulia, "zaidi ya hapo siwezi kukueleza, ila ni Yesu". Kisha akamfungia viazi vya watoto kwa gazeti. Jirani hakubadili dini wala shangazi hakumwambia abadili, kaulizwa, kasema alichokiona. Petro naye aliandika tuwe tayari kumjibu anayetuuliza, kwa upole na kwa hofu.

Kwa hivo ndugu yangu wa feri, spika sikukatazi, ipunguze tu kidogo watoto wakiwa wamelala. Siku ile ulikuwa unahubiri. Ukitaka kushuhudia, njoo tu usimame nasi kwenye foleni utwambie wewe yalikupata yapi.